Nusu ya Pili ya Neno

"Baba, siku ya harusi hakutakuwa na nyama," Roz alisema.

Desmond Pochin alikuwa akijipakulia viazi. Akamaliza kupakua, akarudisha kijiko kwenye bakuli, akamtazama binti yake, halafu akamtazama mkewe, Beryl, ambaye ghafla alikuwa ameona kitu cha maana nje ya dirisha.

"Ya nguruwe, najua," Desmond alisema. "Nimeshalipanga hilo. Wakwe zako wana dini yao, nitawawekea kuku. Nitawawekea na kondoo."

"Si kuku, si kondoo. Wala samaki. Hata mayai."

"Mayai nayo yamefanya nini?"

"Des," Beryl alisema, "msikilize mtoto."

Lakini Desmond alikuwa ameacha kusikiliza. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa na bucha kwenye barabara kuu ya Barsthorpe, mji mdogo wa Uingereza ulio nusu saa kwa gari kutoka jiji la Leicester, na mjini pale hapakuwa na mtu ambaye hajawahi kula cha Desmond bure. Wajane walipata kifurushi kila Krismasi. Msiba ukitokea, pai zake za nyama ya nguruwe zilifika kwa wafiwa kabla ya mchungaji. Mama akianza kuhesabu sarafu mbele ya kaunta, Desmond alikumbuka papo hapo kwamba soseji zimeshuka bei asubuhi ile. Na sasa anamwoza mtoto wake wa pekee, naye ameahidi pai mia tatu na nguruwe mzima wa kuchoma nje ya ukumbi. Ameshawaambia watu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba ameshawaambia.

"Tuweke meza mbili," alisema. "Yao na yetu. Asiyekula asile, nani atamshika mdomo?"

"Mama yake Ketan hawezi kula ukumbi mzima unanuka nguruwe. Na hatasema neno. Atakaa na glasi yake ya maji anatabasamu mpaka mwisho, na mimi nitaanza ndoa yangu nikimtazama mama mkwe anashinda na njaa."

"Kwa hiyo washinde na njaa watu wetu."

"Ni mlo mmoja, baba. Hawatakufa."

"Na huyo Ketan mbona hakuja kusema mwenyewe?"

"Alitaka kuja, mimi ndiye niliyemkataza. Anakuheshimu mno. Ungemkazia macho tu, angekubali nguruwe wawili."

Desmond akasukuma sahani. "Maisha yangu yote nimetoa," alisema taratibu. "Nimewapa watu nisiowajua hata majina. Leo nataka kumpa mwanangu mwenyewe, naambiwa rudisha mkono."

Roz alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa na ile tabia ya walimu ya kwenda kuleta kitu kikaonekana. Akainuka, akaenda sebuleni, akarudi na cheti kilichokuwa kimetundikwa juu ya televisheni. Akakiweka katikati ya viazi na karoti. Kilikuwa cheti cha Chama cha Wafanyabiashara wa Barsthorpe, alichotunukiwa baba yake mwezi wa nne, na kiliandikwa kwa herufi za mikia mirefu kwamba anapewa Bwana D. Pochin kwa ajili ya *liberality* yake. Neno lenyewe ni la kizamani, la mawe ya makaburi na milango ya makanisa. Siku ya kupewa, Desmond aliwashukuru watu kwanza, halafu akamuuliza Beryl kwa pembeni lina maana gani. Beryl akajibu, "Ukarimu, nadhani. Tabasamu."

"Lina maana mbili," Roz alisema. "Ya kwanza ni mkono mkunjufu. Huo unao, hapa mjini hakuna wa kukufikia. Ya pili ni moyo mkunjufu. Mwenzio akiwa na njia yake isiyofanana na yako, humkunjii uso, unampisha apite. Hiyo nusu ya pili, baba..."

Hakumaliza. Baba yake alikuwa ameshasimama.

"Nani kakwambia ni mbili?"

"Kamusi."

"Kamusi haijawahi kumlisha mtu," Desmond alisema, akaenda kuosha sahani ambayo hakuwa amekula kitu ndani yake.

Barsthorpe haina siri. Kesho yake asubuhi, Gerald Toller, mwenye duka la rangi na misumari, aliingia buchani akiwa na swali usoni. Palikuwa na foleni ya watu sita.

"Des, bata wangu," alisema. Upande wetu huu kila mtu huitwa bata, mwanamume kwa mwanamke, na hakuna anayekasirika. "Nasikia harusi ni ya majani. Sasa niambie, tuje na uma na kisu, au tuje na kamba utufunge malishoni?"

Foleni ikacheka. Desmond naye akacheka, lakini alichelewa kidogo, na shingo yake ikawa nyekundu kama kilichokuwa mbele yake kwenye gogo. Akaendelea kukata mbavu. Halafu, kwa kuwa Toller ndiye katibu wa chama na ndiye aliyekiandika kile cheti, akamuuliza bila kuinua macho, "Lile neno mlilonipa. Maana yake nini hasa?"

Toller akakuna sikio. "Unataka ukweli? Mwaka juzi tulimpa yule wa duka la maua, tukaandika ukarimu. Hatukutaka kurudia. Mke wangu akalitafuta hilo jingine."

"Kwa hiyo hujui."

"Najua linapendeza kwenye fremu."

Nyuma ya Toller alisimama Bi. Edna Wormell, mwenye miaka themanini na mitatu, aliyewafundisha Kilatini nusu ya watu wa pale, nao wakakisahau chote. Alikuwa hajaulizwa, lakini hilo halikuwahi kumzuia.

"Ni neno la Warumi," alisema. "Lilihusu mtu huru. Mtumwa hakuwa na cha kutoa, wala hakuruhusiwa kuwa na wazo lake mwenyewe. Mtu huru alikuwa na nafasi ya vyote viwili, mkononi na kichwani."

"Mimi si mtumwa wa mtu, Bi. Wormell."

"Wa mtu, hapana," bibi alisema akifungua pochi yake. "Wa soseji, labda. Nipe mbili, zile nyembamba."

Desmond akazifunga. Alisahau kuzishusha bei.

Jumapili walialikwa Leicester kwa mama yake Ketan. Kwa Desmond, kwenda nyumbani kwa mtu mikono mitupu kulikuwa sawa na kwenda bila suruali. Beryl akapendekeza maua.

"Maua hayaliwi," Desmond alisema.

Alifikiri siku mbili nzima, kisha akaenda kwa mkulima mmoja aliyemfahamu tangu ujana, akarudi na jibini jekundu, duara zima la kilo nne, limefungwa kitambaa cheupe. Si nyama, si samaki, si yai. Alijisikia mjanja. Njia nzima Beryl aliendesha gari naye akalipakata.

Hansa Raichura alikuwa mjane mfupi mwenye miwani mikubwa, aliyefanya kazi ya kushona soksi kiwandani miaka ishirini na sita na kumlea mwanawe wa pekee kwa soksi hizo. Aliupokea mzigo ule mlangoni kwa mikono miwili, akauinamishia kichwa kidogo, akasema, "Bwana Pochin, umejisumbua," akaenda kuuweka katikati ya meza mahali pa heshima, ikabidi sahani tatu zisogee.

Kisha akaanza kuwalisha. Hakuuliza nani anataka nini. Viazi vya bizari vilitua, na biringani, na mchuzi wa dengu, na kachori zilizotoka mafutani sekunde ile, na achari ya aina tatu. Chapati aliwaletea moja moja kutoka jikoni, zimevimba, na hakuna aliyeweza kumaliza moja kabla ya nyingine kumwangukia. Desmond alijaribu kufunika sahani yake kwa kiganja. Hansa akamtelezeshea chapati chini ya kidole gumba.

"Nimeshiba, Bi. Raichura."

"Mwili huo? Umeshiba wapi?"

Desmond aliufahamu mchezo ule. Ulikuwa mchezo wake mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyowafanyia watu kwa miaka thelathini na minne, ila hakuwahi hata siku moja kukaa upande huu wa sahani, na alishangaa kuona ni kazi ngumu, kupewa. Jasho la pilipili likamtoka kipajini. Ketan, kijana mrefu, fundi umeme, akamsogezea mtindi, na Desmond akamshukuru kwa macho.

Hapo ndipo macho yake yalipotua juu ya jibini.

Alipokuwa na miaka kumi na sita, akijifunza kazi kwa mwenye bucha wa zamani, kila Alhamisi alitumwa kwenye shamba la mkulima yuleyule na ndoo yenye kifuniko. Ndani ya ndoo mlikuwa na matumbo ya ndama. Ndiyo yaliyogandisha maziwa yakawa jibini. Yeye, katika watu wote wa Uingereza, alikuwa amesahau.

Angeweza kunyamaza. Akamtazama Hansa akija na chapati nyingine, miwani imeingia ukungu wa moto, akaweka chini kipande alichokuwa ameshika.

"Bi. Raichura. Lile jibini usilile."

Akalionyesha kwa kidole.

"Linagandishwa kwa tumbo la ndama," alisema. "Nililijua hilo, nikalisahau. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiyapeleka matumbo kwa ndoo. Nimekuja nyumbani kwako mara ya kwanza, nimekuletea ndama mezani. Naomba radhi. Nitaliondoa sasa hivi."

Roz alikuwa amefumba macho. Beryl alimshika mumewe goti chini ya meza. Hansa akaiweka chapati kwenye sahani ya Desmond, akajifuta mikono.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nimeishi nchi hii miaka hamsini. Sinunui jibini bila kusoma karatasi yake kwanza. Hilo lako nimelitambua pale mlangoni."

"Na bado umelipokea?"

"Umeingia umelibeba kama mtoto mchanga, Bwana Pochin. Nisingelipokea ningekuwa mtu gani?" Akavuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza tangu wafike. "Limekaa tu hapo, halijamng'ata mtu. Jioni nitampelekea Doreen, jirani yangu. Yeye anakula kila kitu. Na la harusi nilikuwa nimeshamwambia Ketan, waacheni watu na nyama yao, ni siku ya binti yao. Mimi mniwekee kiti karibu na mlango, upepo utanisaidia."

"Mama," Ketan alisema.

"Mama nini? Mlango ni mahali pazuri. Unaona wanaoingia."

Desmond akaweka viganja vyote viwili mezani, uso umemwiva. Roz alisimulia baadaye kwamba alidhani baba yake amepaliwa na pilipili.

"Hutakaa mlangoni," Desmond alisema. "Kwenye harusi ya mwanangu hakuna mzazi atakayekaa mlangoni." Akachukua kachori, akaipasua kwa vidole viwili, akaichungulia ndani kama anavyochungulia nyama ya muuzaji asiyemwamini. "Humu mna nini?"

"Njegere."

"Zinashikana zenyewe?"

"Ukijua kuzikaanga."

"Nimewaahidi watu pai mia tatu," Desmond alisema. "Sikuwaambia za nini."

Aliwaambia, lakini hakuna aliyemkumbusha.

Jumatatu kwenye mlango wa bucha palibandikwa karatasi kwa mwandiko wake mbaya: HARUSI YA ROZ HAINA NYAMA. MLIOPANGA KUJA KWA AJILI YA NGURUWE MMESAMEHEWA. MLIOPANGA KUJA KWA AJILI YETU KARIBUNI. Watu walisimama kuisoma. Wengine walitikisa kichwa, mmoja aliingia akasema kwamba baba yake Desmond angekuwa hai angelia, na Desmond akamjibu kwamba baba yake alilia kila kitu, hata walipobadilisha rangi ya mabasi, sasa anataka kilo ngapi?

Jiko la bucha halikufaa kwa pai za njegere, maana Hansa asingeweza kuingia pale, naye Desmond hakutaka kumuuliza. Roz akaomba jiko la shule yake, ambayo ilikuwa imefungwa kwa likizo. Desmond alilisugua mara mbili. Beryl akaenda kununua masufuria mapya, kwa sababu alijua Hansa angetumia ya zamani bila kusema kitu, na hakutaka asiseme kitu.

Kwa juma zima Desmond alifunga bucha saa nane, akavaa aproni mpya isiyowahi kuona damu, akaenda shuleni kushindwa. Pai za kwetu husimama zenyewe, bila bakuli la kuzishikilia, na kinachozisimamisha ni mafuta ya nguruwe. Kwa mafuta ya mboga zilianguka. Za kwanza zililala ubavu. Za pili zilipasuka. Za tatu zilisimama, zikasubiri wageuke, zikaketi.

"Zimechoka," Hansa alisema. "Kama mimi."

"Unga wako laini mno," Desmond alisema.

"Unga ni wako. Changu ni kile cha ndani."

Hicho cha ndani nacho kilikuwa vita. Desmond alionja njegere na viazi, akasema pilipili ile itaua kanisa zima la Methodisti. Hansa alionja alichopunguza Desmond, akasema hiki ni chakula cha mgonjwa, tena mgonjwa mwenyewe hana nafuu. Wakapatana nusu kwa nusu. Kesho yake Hansa akaongeza kidogo Desmond akiwa amegeuka, na Desmond akajua, akanyamaza, maana ilikuwa tamu zaidi.

Siku ya tano Desmond alichemsha mafuta na maji pamoja, akakanda yangali moto, akaupumzisha unga kwenye friji mpaka kesho yake. Siku ya sita waliitoa pai moja kwenye oveni, wakaiweka mezani, wakavuta viti wakaikodolea macho. Dakika kumi. Dakika ishirini. Ilisimama.

"Bwana Pochin," Hansa alisema kwa sauti ya chini, kama aliyeogopa kuiamsha.

"Niite Des."

"Siwezi. Lakini leo ningeweza."

Siku ya harusi walikuja wote isipokuwa watu wawili, na mmoja kati yao alikuwa amevunjika mguu kweli. Ukumbi wa Barsthorpe haujawahi kuona rangi nyingi kiasi kile; shangazi za Ketan waliingia kwa sari kama foleni ya moto, na wanawake wa kwetu, waliovaa rangi ya maziwa na rangi ya mchanga, wakaenda moja kwa moja kuzishika na kuuliza zinafungwaje. Hansa aliketishwa mbele, katikati ya Beryl na Bi. Wormell, na Bi. Wormell akamweleza asili ya kila neno lililotamkwa.

Gerald Toller alikuja ameshakula nyumbani, kwa tahadhari. Alichukua pai moja ili asionekane mbaya. Akachukua ya pili. Kwenye ya nne alimfuata Desmond, aliyekuwa akizunguka na sinia, akamshika kiwiko.

"Des, hii nyama ya nini?"

"Njegere."

Toller akatafuna polepole, akamtazama kwa mashaka. "Sijapata kuwala hao," alisema.

Pai mia tatu zilikwisha kabla ya hotuba. Kachori zikafuata, na viazi, na kila kilichobebwa kutoka Leicester kwa magari matano. Kisha meza zikasukumwa ukutani, shangazi wakaanza kupiga makofi, muziki ukapanda, na watu wakatengeneza duara, hatua tatu mbele, moja nyuma, kupiga makofi, kugeuka.

Beryl alimtafuta mumewe ukumbini, hakumwona. Alimkuta jikoni, koti la harusi limetundikwa kwenye msumari, mikono imo mapovuni mpaka viwikoni, akisugua sinia lililokwisha kutakata.

"Baba wa bibi harusi amejificha kwenye sinki," Beryl alisema.

"Sijajificha. Naosha."

"Des."

Aliendelea kusugua. "Vimekwisha vyote, Beryl," alisema. "Sina kitu kingine cha kuwapa. Nilikwenda pale nikasimama katikati ya watu, sikujua niiweke wapi mikono."

Beryl alikuwa ameolewa naye miaka thelathini na sita, na hakuwahi kumsikia akisema jambo la aina ile. Alichukua taulo, akamkausha mkono mmoja, halafu wa pili, kidole kwa kidole, akamvua aproni kichwani na kumwongoza mlangoni.

Duara lilikuwa likienda kasi. Ketan na Roz walikuwa ndani yake, na Toller, na mchungaji, na Hansa amekunja sari kiunoni anaruka kama msichana. Desmond aliingia kwa mguu usiokuwa wenyewe. Watu walipokwenda mbele yeye alirudi nyuma, walipogeuka kulia akagongana kifua kwa kifua na shangazi mmoja mnene, wote wawili wakaomba radhi kwa pamoja. Akataka kutoka. Lakini Hansa alikuwa ameshamshika mkono wa kushoto, shangazi akamshika wa kulia, na waliokuwa nyuma, badala ya kumngoja ajifunze, wakabadilisha hatua zao kidogo, kisha wakabadilisha na waliowafuata, mpaka duara zima la Barsthorpe na Leicester likawa linacheza ngoma isiyojulikana kokote, hatua mbili mbele na moja na nusu nyuma, na Desmond Pochin ndani yake anacheka mdomo wazi, amekosea vilevile kama wenzake wote.